Nafasi ya CD tatu tu: albamu gani zilizopuuzwa zije Tabora?

Mpishi wa Stesheni (mwenye mada)

Wakuu, mwangaluka.

Nina mgahawa mdogo hapa Tabora, si mbali na stesheni. Chai, chapati, wali maharage, na siku nikijaliwa, samaki wa mgebuka kutoka kwenu Kigoma. Wateja wangu wengi ni watu wa kusubiri. Wa Mwanza, wa Mpanda, wa Kigoma, wote safari zao zinapitia hapa, na kusubiri treni mnakujua. Kwa hiyo muziki kwangu si pambo. Mtu akikaa saa tatu na kikombe kimoja, kinachomfanya aagize cha pili ni kile kinachotoka kwenye spika.

Sasa flashi zinazouzwa huku zote zimefanana. Nyimbo zile zile. Nikizima mimi, jirani anawasha. Shemeji yangu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao, na kule kuna maduka ya mitumba yanayouza CD kwa bei ya chini. Amekubali kunitafutia, ila tatu tu, begi lake lina ya kwake. Dek yangu bado inasoma CD bila kinyongo.

Masharti yangu ni haya. Iwe albamu ambayo haikupata heshima yake hapa nyumbani. Iimbwe kwa Kiswahili au lugha ya kwetu. Na iweze kupigwa mchana bila mama wa watu kuacha chai yake nusu na kuondoka.

Nimeanza na orodha ya haraka: Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala, Chibite ya Hukwe Zawose, na Maria Salome ya Saida Karoli. Nisahihisheni.

Msela wa Gongoni

Kaka, Maria Salome toa haraka. Ile mwanzoni mwa miaka ya 2000 ililia kwenye kila basi na kila harusi, hadi sisi tusiojua neno la Kihaya tulikuwa tunaitikia. Iliyosahaulika na iliyopuuzwa ni vitu viwili. Iliyosahaulika ilikula, ikashiba, ikalala.

Na Remmy ana kituo cha daladala Dar, Sinza kwa Remmy. Mtu anayetajwa na makonda kutwa nzima utasemaje kapuuzwa?

Mpishi wa Stesheni

Saida nakubali, namtoa. Kwa Remmy nakubishia. Kinachojulikana ni jina lake na nyimbo zilizopita redioni. Hiyo albamu yenyewe ilitoka 1989 kwa Real World, kampuni ya Peter Gabriel, ikauzwa Ulaya. Niambie wewe, kuna mtu mtaani kwenu aliyewahi kuisikiliza mwanzo hadi mwisho?

Fundi Sabufa

Hapo pana hoja, na tuishike hiyo ili tusipigane bure. Kuna msanii aliyepuuzwa, na kuna albamu iliyopuuzwa ya msanii maarufu. Mwenye mada ameuliza albamu.

Mimi ni fundi wa redio hapa Mwanga, Kigoma, kwa hiyo nitasema upande wa spika. Chibite ni kitu kikubwa, ya mwaka 1996, Mzee Hukwe na Charles Zawose, zeze na ilimba na zile sauti zao za Kigogo zinazopanda hadi unadhani kuna mwanamke ndani. Lakini jiandae. Ilimba ya Wagogo, kile kisanduku chenye vijiti vya chuma vya kubofya kwa vidole gumba, ina tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, makusudi, ili noti ikipigwa utando utetemeke na kutoa ule mlio wa kukwaruza. Ndio utamu wake. Mteja asiyejua atakwambia spika yako imepasuka. Mimi nimeletewa sabufa nzima kabisa, mwenyewe anataka nibadilishe koni, kumbe ni wimbo.

Babu wa Nyanyembe

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi. Mnakaa Tabora, mnaagiza Wagogo na Wahaya. Ya kwenu yako wapi?

Msela wa Gongoni

Shikamoo babu. Hapo ndipo tulipokuwa tunakusubiri.

Babu wa Nyanyembe

Marahaba.

Nilifanya kazi relini mpaka nikastaafu. Mji huu ulikuwa na Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na mtu wa bendi moja hakuwa anakaa meza moja na mtu wa bendi nyingine bila kurushiana maneno. Dada Asha ya Tabora Jazz na Rangi ya Chungwa ya Nyanyembe hata nyinyi vijana mnazijua, ingawa najua mnazijua kwa kurudiwa na watu wengine.

Sasa nendeni mkatafute albamu ya bendi hizo iliyopangwa na wenyewe, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mimi katika maisha yangu sijaishika. Na sababu si uvivu. Nchi hii haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi ilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda ikabaki pale ikipigwa hewani, au ikafunga safari mpaka Nairobi kwenye mitambo. Huko zilitoka santuri ndogo za mzunguko 45, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule. Au wimbo mmoja mrefu umekatwa katikati, na ukigeuza santuri unakuta gitaa limeshachemka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Bendi ya bara kama yetu, iliyo mbali na Dar na mbali zaidi na Nairobi, ungetaka itoe albamu kwa njia gani?

Kwa hiyo neno albamu kwa muziki wa dansi wa zamani maana yake mara nyingi ni kwamba Mzungu fulani amekusanya santuri baada ya miaka 30 na kuzifunga pamoja. Si vibaya, nawashukuru, ila mjue mnachonunua.

Kama mnataka yenye harufu ya Tabora, iko Chela Chela ya Shikamoo Jazz, 1995. Hao walikuwa wazee waliotoka bendi mbalimbali za zamani, wengine hata magitaa hawakuwa nayo tena, wakapewa vyombo kwa msaada wa HelpAge, shirika la kusaidia wazee, na kurudi jukwaani. Mmoja wao ni Salim Zahoro. Huyo ni wa Kiko Kids. Wa hapa.

Binti Ujiji

Babu shikamoo. Ila usijimilikishe kila kitu, Shem Karenga wa Dada Asha alianzia kwetu, Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma, ndio akaja kwenu. Mwisho wa reli tunawalea, nyinyi katikati mnawateremsha.

Babu wa Nyanyembe

Marahaba binti. Treni ya kutoka Kigoma lazima isimame Tabora. Kosa si letu.

Mama Mgebuka

Hahaa, mzee kaua.

Mimi sijui mambo ya albamu, nauza samaki hapa Kibirizi, Kigoma. Nauliza tu kama mteja: kwani Sikinde wamekosa nini? Mimi ukinipigia hao Mlimani Park nitakunywa chai mpaka jioni.

Fundi Sabufa

Mama, Sikinde hawajakosa kitu, ndiyo shida yenyewe, hawajapuuzwa. Kuna CD yao inaitwa Sikinde, ilitolewa Marekani na Africassette miaka ya 1990, nzuri sana. Lakini mwenye mada akiipiga hiyo, hakuna atakayeuliza "hawa ni nani".

Turudi kwa Babu. Nataka kuilinganisha Chela Chela na nyingine ambayo naona inakuja kutajwa: Ngoma Iko Huku ya Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro, mkusanyiko wa kampuni ya Dizim wa nyimbo za 1955 hadi 1965. Salum Abdallah alikufa mwaka huo wa 1965, bado kijana, kwa hiyo pale una sauti yake ya miaka kumi ya mwisho. Kwa uzito wa historia Ngoma Iko Huku inashinda, sibishani. Lakini ni rekodi za santuri za kale. Besi iko mbali, sauti zote zinatoka sehemu moja, kuna vumbi. Nyumbani usiku, umekaa peke yako, ni raha. Mgahawani, sufuria zinagongana na pikipiki zinapita nje, utasikia tarumbeta na mkwaruzo, basi. Chela Chela imerekodiwa miaka ya 1990, besi ipo, ngoma zipo, na mtindo ni ule ule wa wazee. Kwa kazi unayotaka, naipa Chela Chela.

Mpishi wa Stesheni

Hii ndiyo aina ya jibu nililokuwa nataka. Chela Chela imepita, naandika kalamu. Zimebaki mbili.

Msela wa Gongoni

Mnasahau kwamba na sisi vijana tunakula hapo. Weka Bongo Hotheads ya Jagwa Music, 2012, ilitoka Ubelgiji kwa Crammed Discs. Mchiriku mtupu wa uswahilini Dar: kinanda kidogo cha Casio kinachopitishwa kwenye vipaza sauti mpaka kilie kama king'ora, ngoma juu ya ngoma, na mwimbaji anayesimulia maisha bila kumeza mate. Kabla singeli haijaanza kusifiwa Ulaya, hawa walishafika. Na hapa nyumbani? Mchiriku uliitwa muziki wa wahuni. Kama kuna kitu kilipuuzwa kwa dharau, si kwa bahati mbaya, ni hiki.

Mama Mgebuka

Mwanangu, kinanda kama king'ora, mimi nimetoka kwenye boti nimeloa, nina gunia la dagaa. Hapana.

Mpishi wa Stesheni

Msela, hoja yako ya dharau ni ya kweli, na mimi mwenyewe naupenda mchiriku. Ila mchana ule pale pana watoto wamelala kwenye mikeka wakisubiri treni. Ningekuwa na baa ya usiku ningeichukua bila kuuliza.

Msela wa Gongoni

Sawa. Lakini kumbuka umeikataa kwa sababu ya saa, si kwa sababu ya ubora.

Binti Ujiji

Sasa nileteeni kiti. Nina mgombea ambaye hamtamtaja mpaka kesho.

Khadja Nin, albamu Sambolera, 1996.

Amezaliwa Bujumbura, kaenda kuishi Ubelgiji, na kule kaimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Nyumbani kwetu Ujiji kanda yake ililetwa na mjomba aliyekuwa anafanya biashara ya Bujumbura, akivuka na boti. Mama alikuwa anaipiga anapochambua mchele. Nilikua nikidhani kila mtu Tanzania anamjua. Nimeenda chuo Dar, nikamtaja, wenzangu wakanitazama kana kwamba nimetaja jina la dawa.

Fikirini jambo hili. Mtu anaimba Kiswahili, Ufaransa na Ubelgiji wanamnunua, mwaka 2018 anakaa kwenye jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, halafu nchi kubwa ya Kiswahili kama yetu haimjui. Naona sababu ni mbili. Ya kwanza, redio zetu zilikuwa na milango miwili tu, wa Dar na wa Kinshasa. Bujumbura ilikuwa iko dirishani. Ya pili, muziki wake haukuwa na mahali pa kuwekwa. Si rumba, si taarabu, si dansi. Kuna vinanda vya kisasa vya Ulaya, gitaa la kupapasa, na sauti nzito kidogo, ya mtu asiye na haraka. Watu wetu wakisikia wanasema "hii ya Kizungu", halafu wanasikia maneno na kushangaa kwamba wanaelewa.

Na Kiswahili chake si cha Dar, msije mkaanza kusahihisha. Ni cha Bujumbura, cha watu wa Buyenzi. Sisi wa Ujiji tunakisikia kama cha jirani.

Kuna jambo la mwaka pia. 1996 huku Kigoma tulikuwa tunapokea watu kutoka Burundi na kutoka Zaire. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo. Mama alikuwa anaipiga ile kanda na majirani wapya wanakuja kukaa barazani, hawasemi kitu. Sitaongeza neno hapo.

Fundi Sabufa

Dada umenikumbusha mbali. Kwa spika, Sambolera haina tatizo lolote, imerekodiwa safi kuliko zote zilizotajwa hapa. Hofu yangu ni moja tu: ni laini mno. Mgahawani inaweza kugeuka kuwa kama upepo wa feni, ipo lakini hakuna anayeisikia.

Binti Ujiji

Hiyo si kasoro, kaka. Mtu anayesubiri treni tangu alfajiri anataka feni.

Kasulu Kwetu

Samahani kuchelewa, huku mtandao unakuja na kuondoka.

Nataka kutaja albamu ambayo najua haitapita kwenye masharti, na ndiyo maana naitaja. White African Power ya Tanzania Albinism Collective, 2017. Ilirekodiwa kisiwani Ukerewe na mtayarishaji Ian Brennan, yule aliyerekodi pia wafungwa wa gereza la Zomba kule Malawi. Waimbaji ni watu wenye ualbino wa Ukerewe, na wengi hawakuwa wanamuziki kabla ya hapo. Nyimbo ni fupi, vyombo ni vichache, mahali pengine ni sauti tu na kitu kinachogongwa.

Mimi ni mwalimu. Hapa Kasulu tuna Kabanga, ambako watoto wenye ualbino walikusanywa kwa ajili ya usalama wao wakati wa mauaji yale. Kwa hiyo siwezi kuisikiliza kama mtu wa Ulaya anavyoisikiliza. Yeye anasikia habari ya mbali. Mimi namsikia mtu ambaye angeweza kuwa kwenye dawati la mbele darasani.

Na nitakuwa mkweli: kwa masikio ya mpenda rumba, si albamu nzuri. Kuna mahali sauti inayumba, kuna wimbo unaisha kabla hujakaa vizuri. Nimewahi kujiuliza kama naipenda au naionea huruma, na hivyo ni vitu viwili. Nikairudia bila kufikiria habari yake, nikiwa naosha vyombo. Nyimbo tatu nne zilibaki kichwani wiki nzima. Nikajua si huruma.

Mwenye mada, sharti lako la "mama wa watu asiondoke" ndilo linalozipuuza albamu za namna hii. Wewe si wa kwanza kuliweka. Kila redio inalo.

Mpishi wa Stesheni

Mwalimu, umenishika pabaya.

Nimefikiria jana usiku kabla ya kujibu. Nitakwambia ninavyoona, uniambie kama najitetea. Nikiipiga saa saba mchana, watu wanaongea, mwanangu anapaza sauti "wali wawili", nitakuwa nimeishusha. Itakuwa kelele nyuma ya maharage. Chela Chela inavumilia hilo, ni muziki uliozoea ukumbi wenye vurugu. Hii haivumilii. Kwa hiyo haitaingia kwenye zile tatu za mgahawa. Lakini nimeitafuta kwenye simu, nimelipa, na nitaisikiliza nikishafunga.

Kasulu Kwetu

Hujitetei. Umenijibu.

Mwenda Pole

Naingilia kidogo kwa jambo kavu. Kununua CD si ruhusa ya kuipiga kwenye biashara. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, mgahawa unaopigia wateja muziki unatakiwa uwe na leseni. Kawaulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu wa sasa kabla hujaulizwa wewe.

Mpishi wa Stesheni

Nimekupata, mkuu. Hilo nitaliuliza wiki hii. Tunalia wazee hawakulipwa, halafu tunawapiga bure.

Nirudi kwenye nafasi ya tatu. Nina Chela Chela na Sambolera. Wanaogombea sasa ni Remmy na Chibite. Naomba hoja za mwisho, shemeji anataka jina kesho.

Msela wa Gongoni

Remmy. Watu watacheza mguu chini ya meza.

Binti Ujiji

Kuna Maisha ya The Zawose Queens pia, 2024, Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wa Hukwe. Ngoma na zeze zile zile, ila sasa wanawake ndio wako mbele. Kwangu inasikilizika mgahawani kuliko Chibite. Tatizo bado ni mpya, kwenye mitumba hataipata.

Fundi Sabufa

Remmy anapendeza zaidi, Chibite inahitaji zaidi kusikilizwa. Ukiuliza ipi itakuingizia vikombe vya chai, Remmy. Ukiuliza ipi imepuuzwa, Chibite, wala si mashindano. Mzee Hukwe amezunguka dunia nzima na zeze, alikufa 2003, na bado Mtanzania wa kawaida akisikia ile sauti anasema "hii ngoma ya wapi?" kana kwamba Dodoma iko ng'ambo.

Babu wa Nyanyembe

Mimi nilisema mnaagiza Wagogo, nilikuwa natania. Mchukue Mgogo. Treni yetu inapita kwake.

Mpishi wa Stesheni

Imekwisha. Nimemtumia shemeji: Chela Chela, Sambolera, Chibite. Kajibu "Khadja Nin ndiyo nini?" Binti Ujiji, umeshinda kesi kabla CD haijapanda ndege.

Mpishi wa Stesheni

Wakuu, mrejesho. Shemeji kafika Alhamisi, zote tatu kazipata. Nimezipiga siku nne.

Sambolera: siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu, nikadhani Fundi kashinda. Siku ya pili dada mmoja wa kwenda Kigoma akaniuliza kama narudia ile ya jana. Sikujua kama alikuwepo jana. Kumbe treni ilikuwa haijaja, alilala stesheni.

Chibite: Fundi, umepiga ramli. Wimbo wa pili haujaisha, kijana mmoja akanyanyuka, akaenda mpaka kwenye spika, akaigonga kwa kidole, akaniambia "bosi, hii koni imechanika". Kulikuwa na mzee mmoja wa Kigogo pembeni anakula. Akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Akamwambia, "Kaa. Huyo ni buibui." Yule kijana hakuelewa, lakini alikaa. Wengine wawili waliomba nibadilishe, nikabadilisha, sitaki ugomvi. Nimeamua Chibite iwe ya asubuhi, kabla ya saa mbili, watu wakiwa bado hawajaanza kuongea.

Chela Chela ndiyo iliyokubalika kuliko zote, kama mlivyosema. Watu wazima wanaitikia, vijana wanadhani ni bendi mpya inayoiga ya zamani. Ila nina tatizo. Nimeipiga sana, na tangu juzi wimbo wa nne unarukaruka. Nimeifuta kwa kanga, ikazidi.

Fundi Sabufa

Kanga! Mkuu, usifute kwa kuzungusha. Chukua kitambaa laini kama cha miwani, kiloweshe maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda nje, mstari mnyoofu. Ikiwa ni mkwaruzo wa kuvuka hivyo, mara nyingi itapita. Ikiwa mkwaruzo umezunguka, ni shida. Na tazama kwenye mwanga kama ni mkwaruzo kweli.

Babu wa Nyanyembe

Ikipona unijulishe, nije nikae. Na hiyo chapati yako isiwe ya jana.

Mpishi wa Stesheni

Imepona, babu, karibu. Haukuwa mkwaruzo. Ilikuwa mafuta ya chapati.